Mjane wa Miaka Minane

Kioo cha mapokezi ya hospitali kilimpa mtoto pole kabla hakijamuuliza anaumwa nini.

"Pole kwa kufiwa na mume," kilisema kwa ile sauti laini ambayo serikali iliichagua baada ya kuwasikilizisha wananchi sauti arobaini. "Wajane huhudumiwa dirisha namba sita."

Nyanzala alikuwa na miaka minane. Aligeuka nyuma kumtazama huyo mama aliyefiwa, akamwona bibi yake peke yake, Bi. Kalunde, amesimama na kikapu chenye khanga mbili, kandambili na chupa ya uji. Bibi alidhani kioo kimekosea foleni. Akamsogeza mtoto pembeni, akamrudisha tena taratibu mbele ya kioo, kama mtu anayejaribu ufunguo uleule mara ya pili. Kioo kikampa mtoto pole upya, kwa maneno yaleyale na kwa upole uleule.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi saa tatu asubuhi Nyanzala alitakiwa awe mezani, kifua wazi, azibwe tundu la moyo ambalo lilikuwa likimfanya akae chini kila baada ya hatua ishirini. Timu ya madaktari wa moyo ilifika mara moja kwa mwaka, na Ijumaa ilikuwa inaondoka.

Atupele Mwakalobo aliyasikia hayo Jumanne, akiwa dawati la malalamiko la Ofisi ya Mshono, Dodoma. Kila mhandisi wa Mshono alilazimika kukaa dawati hilo siku moja kwa mwezi. Wenzake waliikwepa siku hiyo kwa vyeti vya daktari. Yeye aliipenda. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na bado aliamini kwamba mashine ikijengwa kwa haki, hata mnyonge kabisa atapita mlangoni bila kumjua mtu ndani.

Alimwamkia bibi shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akakaa, akamweka mjukuu kwenye kiti cha pili, akafuta vumbi la safari ya Sikonge usoni mwa mtoto kwa ncha ya khanga. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, nimekuja kuuliza mjukuu wangu aliolewa lini. Maana harusini sikualikwa."

Atupele alicheka. Halafu akafungua rekodi, na kicheko kikamwishia mdomoni.

NYANZALA MIHAYO. Wazazi: marehemu wote wawili. Hali ya ndoa: mjane. Mume: Mihayo Ntabo, marehemu. Mlezi: hana, aliyeolewa hahitaji mlezi. Tahadhari: ndoa ya utotoni, kaya ichunguzwe.

"Mihayo Ntabo ni nani, bibi?"

"Babu yake. Mume wangu. Tumemzika mwaka juzi."

Nyanzala, aliyekuwa akihesabu vigae vya sakafu, aliinua kichwa aliposikia jina hilo. Akarudi kwenye vigae vyake.

Atupele alimaliza siku ile akiufuata uzi. Mshono, kazi ambayo ilimtoa chuoni na kumpa heshima kwao Tukuyu, ulikuwa umeshona pamoja madaftari ya serikali yote. Kabla yake mwananchi ndiye aliyekuwa tarishi wa serikali: anabeba kivuli cha cheti kutoka dirisha hili kwenda lile, anaambiwa kagonge muhuri, anarudi, anakuta mwenye muhuri kaenda msibani. Mshono ulimtua mzigo huo. Haukuyamwaga madaftari yote kwenye chungu kimoja ambacho mwizi angekibeba mara moja. Kila ofisi ilibaki na daftari lake chini ya kufuli lake. Hospitali ikitaka kujua jambo, iliuliza. Ofisi yenye jambo ilijibu. Na jibu lilisafiri limefungwa kwa lakiri, alama iliyoonyesha nani kasema, lini, kwa kidole gani. Hakuna aliyeweza kuibandua lakiri ya mwingine. Makao makuu yenyewe hayakuwa na kalamu. Hivyo ndivyo walivyosema wahandisi, kwa fahari: sisi hatuna kalamu.

Atupele alikuwa miongoni mwa waliopigania hilo. Mama yake alipoteza kiwanja kwa sababu ofisa mmoja, jioni moja, alibadilisha mstari mmoja. Mstari tu. Tangu utoto aliota serikali ambayo haina mtu wa kubadilisha mstari.

Sasa alikuwa na mstari mbele yake na hakuwa na kalamu.

Neno la kwanza alilipata katika daftari la kaya, kata ya kwao Bi. Kalunde. Liliandikwa na karani wa kata, jina lake Jidula, siku ya tatu baada ya arobaini ya marehemu. Swali: mtoto huyu ni nani kwako? Jibu: mke mwenza.

Atupele aliinama, akaweka paji la uso juu ya meza. Hata yeye, Mnyakyusa wa milimani, alikuwa ameitwa hivyo na bibi yake mzaa baba kila likizo. Njoo hapa mke mwenzangu, umeninyang'anya mzee wangu, leo utapika wewe. Nani katika nchi hii hakuitwa? Mjukuu wa kike ni mke wa babu, na kwa hiyo ni mke mwenza wa bibi. Wa kiume ni mume wa bibi, na babu humtishia kumpiga fimbo kwa wivu. Huo ni utani ambao mtoto hunyonya pamoja na maziwa.

Alimpigia Jidula. Karani alikumbuka vizuri. Alisema nyumba ile bado ilikuwa na turubai la msiba, mtoto alikuwa amejikunja kwenye kona analia kwa sababu babu aliyekuwa akimwita mke wangu hayupo tena wa kumwita hivyo. Alipouliza swali la fomu, bibi alimtazama mtoto, akasema huyu ni mke mwenzangu, tumebaki wawili tu. Mtoto akacheka. Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu mazishi. "Na mimi nikacheka, dada," Jidula alisema. "Nikaandika."

"Kwa nini uliandika?"

"Maelekezo yalisema andika kama ulivyoambiwa. Mliyatuma ninyi."

Atupele alimwomba atie lakiri ya masahihisho. Jidula alisema angefanya hivyo hata sasa hivi, lakini fomu ya masahihisho ilimuuliza swali moja tu: je, taarifa iliandikwa kama ilivyosemwa? Na iliandikwa kama ilivyosemwa. Akijibu hapana, atakuwa ameongopa kwa kidole chake, na kidole chake ndicho mkate wa watoto wake.

*

Mkurugenzi wa Mshono aliitwa Mbonea. Hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Alimsikiliza Atupele mpaka mwisho, akamwagizia chai, akafungua sheria kwenye meza yake ya kioo, akamwonyesha njia.

Njia ilikuwepo. Mwenye kusema neno anaweza kulikana. Bi. Kalunde aje, aweke kidole, achague moja kati ya visanduku viwili: Kweli, au Uongo. Akichagua Uongo, neno mke mwenza litafutika, na yote yaliyojengwa juu yake yataanguka.

"Halafu?" Atupele aliuliza, kwa sababu alizijua kanuni.

Mbonea alikoroga chai yake. Halafu, akasema, aliyetoa taarifa ya uongo kwa daftari la umma hawi mlezi wa mtoto kwa miaka mitatu. Mtoto atakabidhiwa kwa Ustawi wa Jamii. Mlezi wa serikali atateuliwa ndani ya siku tisini, naye ataidhinisha upasuaji, kwa hakika kabisa ataidhinisha.

"Madaktari wanaondoka Ijumaa."

"Watarudi mwakani."

"Mkurugenzi, daktari ameandika kwamba mwakani tundu litakuwa limeshaharibu mapafu."

Mbonea alijua. Alikuwa amesoma. Atupele alipendekeza hospitali ifumbe macho kwa siku moja, daktari akubali karatasi tu yenye saini ya bibi, kama zamani. Mbonea akamkumbusha kwamba kabati la dawa za usingizi halifunguki bila lakiri ya mlezi, na kwamba aliyeweka sharti hilo, baada ya kisa cha watoto waliopasuliwa bila wazazi kujua, ni kamati ambayo Atupele mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Kila mlango alioushika ulikuwa umefungwa kwa sababu njema, na milango kadhaa alikuwa ameifunga yeye.

Jioni alikwenda kwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko, ambako bibi na mjukuu walikuwa wamepanga. Alimweleza Bi. Kalunde visanduku viwili. Alikuwa na kishikwambi mkononi, na alijichukia kwa kukibeba.

Bibi aliuliza kama akiweka kidole kwenye Uongo mtoto atapasuliwa Alhamisi. Atupele akasema hapana. Aliuliza kama akiweka kwenye Kweli mtoto atapasuliwa. Atupele akasema hapana. Tena kwa Kweli, akaongeza, bibi atakuwa amekiri kwamba walimwoza mtoto.

Bi. Kalunde aligawa fungu jingine la nywele. Alikuwa akimsuka Nyanzala, na vidole vyake havikusimama.

"Ukiniambia kidole kikatwe apone, kikate," alisema mwishowe. "Lakini usiniambie nilidanganya. Mimi sikudanganya. Nilitania. Huko kwenu mlikosoma, hamkufundishwa tofauti?"

"Nimefundishwa, bibi. Mashine ndiyo haikufundishwa."

"Na mashine ilifundishwa na nani?"

Nyanzala aliyekuwa ameegemea magoti ya bibi alidakia, akisema kwamba yeye alijua siku ile bibi anatania, kwa sababu bibi akitania hutazama juu ya miwani, na akisema kweli hutazama ndani ya miwani. Halafu akachoka kwa kusema sentensi hiyo, akafumba macho apate pumzi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

Atupele alitoka nje bila kuaga vizuri. Hasira ilikuwa imempanda. Hakuwa na hasira na Jidula, wala na Mbonea na chai yake. Alikasirika kwa sababu kila mtu aliyemgusa mtoto huyu alikuwa ametimiza wajibu wake. Karani aliandika kama alivyoambiwa, kioo kikatoa pole kama kilivyofunzwa, sheria ya ndoa ikamwona ni mkubwa asiye na mlezi na sheria ya watoto ikamwona ni mdogo aliyeozwa, na Mshono, mtiifu kwa zote mbili, ukamfungia nje kwa mikono miwili. Wote walikuwa safi. Na mtoto alikuwa anafumba macho apate pumzi ya kumalizia sentensi.

Swali la bibi lilimfuata njiani. Ilifundishwa na nani?

*

Jumatano asubuhi alifika ofisini wa kwanza. Alifungua tena ile rekodi, lakini safari hii hakusoma maneno. Alisoma lakiri zake.

Kila kauli ndani ya Mshono ina mnenaji. Ukiigusa, inakuambia nani kasema. Atupele aligusa neno mke mwenza. Likajibu: Kalunde Mihayo, kwa mkono wa karani Jidula. Akagusa neno marehemu. Likajibu: daftari la vifo, wilaya. Yote hayo alikuwa ameyasoma jana. Jambo ambalo hakulifanya jana, kwa sababu ya aina ya ujinga unaotokana na kukizoea kitu, ni kugusa neno mjane.

Aligusa.

Mnenaji: Atupele Mwakalobo, kwa Kanuni ya Kumi na Nne.

Alikaa akilitazama jina lake.

Kanuni ya Kumi na Nne aliiandika mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na miaka ishirini na nne. Madaftari yalikuwa na mapengo: kaya isiyotaja mume, mume asiyetaja wake. Kanuni yake ilijaza mapengo. Watu wawili wakiwa wake wenza, basi wana mume mmoja. Mume wa mmoja akijulikana, wa mwingine amejulikana. Mume akifa, wote wawili ni wajane. Ilikuwa mistari kumi na mmoja, mizuri kama sala, na ilimpatia tuzo. Kwenye ukumbi walimpigia makofi. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: je, dada, mtu akitania?

Bi. Kalunde hakuwahi kusema mjukuu wake ni mjane, wala Jidula hakuliandika neno hilo. Katika nchi nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyelisema, akiwa mbali, bila kuwaona, bila kuwauliza. Na kwa sheria ileile ya Mshono, mwenye kusema neno anaweza kulikana. Makao makuu hayana kalamu ya kufuta maneno ya wengine. Lakini hili lilikuwa lake.

Aliomba fomu. Fomu ikaja na visanduku vyake viwili. Kweli. Uongo.

Chini yake, kwa herufi ndogo, ilimweleza yatakayofuata. Kanuni ya Kumi na Nne ikikanwa itakanwa yote, maana haiwezekani kuwa ya uongo kwa mtu mmoja na ya kweli kwa mwingine. Kauli elfu thelathini na nane, mia nne na sita zitaanguka. Mnenaji atawekwa alama ya mtoa taarifa za uongo kwa miaka mitatu. Atapoteza ufunguo wake, na alama hiyo itaonekana katika kila ofisi iliyoshonwa.

Mbonea aliingia akiwa bado na koti mkononi; ombi la fomu lilikuwa limemtoa kwenye utulivu wake. Akafunga mlango. Alimwambia kwamba anaelewa, na kwamba yeye mwenyewe hakulala. Kisha akaweka kishikwambi chake mezani, akamwonyesha picha ambayo Atupele aliijua, kwa sababu ilitundikwa ukumbini: binti wa miaka kumi na tatu mwenye sare mpya ya shule, ameshika daftari kifuani kama ngao.

"Huyu alifichuliwa na kanuni yako," Mbonea alisema. "Aliandikwa mke mwenza, na hakuna aliyekuwa anatania."

Wasichana mia sita na kumi na mmoja, akaendelea, walithibitishwa hivyo. Hao walitembelewa na maofisa, wana lakiri za watu, hawataguswa. Lakini kanuni iliinua maelfu ambao hakuna ofisa aliyefika kwao. Kwa kila mmoja wao ipo amri ya ulinzi inayosimama juu ya neno la Atupele peke yake: haruhusiwi kuhamishwa, haruhusiwi kuachishwa shule. Miongoni mwao wengi ni wajukuu wa watu wenye kutania. Lakini wapo ambao si utani. Ukiikana kanuni leo, amri zote zinalala leo.

"Unamjua yupi ni yupi?" aliuliza.

"Hapana."

"Wala mimi. Sasa niambie, unampima mmoja kwa mizani gani?"

Atupele hakuwa na mizani. Alimwona yule wa ukumbini na daftari lake kifuani, akamwona mwingine asiyekuwa na picha, mahali fulani, mwanamume anaambiwa kwamba amri imeanguka, anafunga virago vya mtoto. Alitaka sana Mbonea awe mwovu.

"Kwa nini hawajatembelewa?" aliuliza.

Mbonea akasema kwamba sababu inajulikana. Maofisa ni wachache, nchi ni pana.

"Hapana. Kabla ya Mshono maofisa walikuwa walewale na nchi ileile, na walikuwa wanakwenda kwa pikipiki, kwa punda, wanabisha hodi. Walikoma kwenda sisi tulipowaambia tumekwisha kujua." Atupele aliligusa tena neno mjane kwenye skrini. "Mkurugenzi, hatujui. Tumejaza pengo kwa maneno yangu, tukarudi nyumbani kulala. Mwenye dhiki kweli tumempa amri ya kwenye skrini, na asiye na dhiki tumempa pole ya mume. Na hakuna hata mmoja tuliyemuuliza."

"Kwa hiyo unawaacha."

"Kuna ibara ya visigino."

Mbonea alifumba macho. Ibara ya visigino lilikuwa jina la kejeli. Atupele ndiye aliyeichomeka katika sheria ya Mshono wakati wa kuiandika, na kamati iliicheka kwa muda wa chai nzima kabla ya kuiacha ipite, kwa kuwa hakuna aliyeamini itatumika: kauli ya mashine ikikanwa, kila aliyeguswa nayo atembelewe nyumbani na mtu mwenye miguu, ndani ya siku ishirini na moja, aulizwe kwa mdomo, asikilizwe mpaka mwisho.

"Nyumba elfu thelathini na nane," Mbonea alisema. "Siku ishirini na moja. Itabidi nifunge ofisi zote za Mshono niwatoe watu wote nje."

"Ndiyo."

"Na katika siku hizo ishirini na moja?"

Hapo Atupele hakutengeneza jibu la uongo. Katika siku hizo mtu mbaya anaweza kuwahi kabla ya mtu mwenye miguu. Atalibeba hilo. Alisema tu kwamba orodha ianze na wenye umri kati ya miaka kumi na kumi na saba, na wasiokuwa na bibi katika kaya, na kwamba yeye atatembea hata bila mshahara wala kitambulisho. Mbonea akamwambia hatatembea kwa niaba ya serikali, maana atakuwa mwongo rasmi. Atupele akasema basi atatembea kama jirani.

Mkurugenzi alikuwa na uwezo wa kuichelewesha fomu kwa siku saba. Kitufe kilikuwa mbele yake, kwenye kishikwambi. Alikitazama kitambo, kisha akachukua koti lake, akasema anakwenda kunywa chai chini, na kwamba chai ya leo itakuwa ndefu.

Atupele alibaki na visanduku vyake. Alitafuta kwa macho cha tatu, ingawa alijua hakipo. Yeye ndiye aliyechora fomu. Akamkumbuka bibi: usiniambie nilidanganya. Bi. Kalunde hakuwa na uongo wa kukiri, lakini yeye alikuwa nao. Alikuwa amesema jambo asilolijua, juu ya mtu asiyemwona, kwa sauti ya mtu anayejua. Kwa Kiswahili cha nyumbani hilo lina jina moja tu.

Akaweka kidole.

*

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, mlango wa hospitali ulimkataa. Kioo cha wageni kilisoma uso wake, kikamweleza kwa ile sauti aliyoipigia kura yeye mwenyewe kwamba watu waliotoa taarifa za uongo hawaruhusiwi wodini. Kilimtakia siku njema.

Akakaa kwenye ukingo wa bustani, nje, na viatu vya safari miguuni. Mfukoni alikuwa na karatasi ya kawaida yenye majina ya vijiji vinne, ambayo mtu asiyejitaja aliipitisha chini ya mlango wa chumba chake alfajiri. Mwandiko ulifanana sana na wa Mbonea.

Bi. Kalunde alitoka saa mbili kasorobo. Alisema mtoto amekwisha kunyolewa kifua ambacho hakina hata nywele moja, na amewauliza manesi kama wanamtania. Rekodi imerudi ilivyokuwa kabla ya kuitwa mjane: mlezi, Kalunde. Yeye mwenyewe ameweka kidole mara tano. Kabati limefunguka. Halafu akamtazama Atupele pale chini.

"Mbona umekaa nje kama mdai?"

Atupele alimweleza. Bibi hakusema pole. Alimshika mkono, akamwinua, akamvuta hadi mbele ya kioo, akasema anataka mtu huyu aingie pamoja naye.

Kioo kikasoma, kikasita. Sheria iliruhusu mwenye alama kuingia kama ni ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo kiliuliza:

"Mtu huyu ni nani kwako?"

Atupele alimgeukia bibi amwombe aseme mwanangu, au mjukuu, au neno lolote jepesi. Alikuwa amechelewa. Bi. Kalunde alikuwa ameinamisha kichwa na kukitazama kioo juu ya miwani.

"Mke mwenzangu," alisema.

Taa ndogo ya kioo iliwaka, ikazima, ikawaka. Mahali palipokuwa na Kanuni ya Kumi na Nne sasa palikuwa na pengo, na hapakuwa na kitu cha kulijaza. Atupele alisubiri pole nyingine, kukataliwa kwingine. Foleni nyuma yao iliacha kusukumana.

"Samahani," kioo kilisema. "Sijaelewa. Naomba unieleze."

Katika miaka yote ya Mshono, Atupele hakuwahi kuisikia sentensi hiyo ikitoka kwenye mashine ya serikali.

Bi. Kalunde alitua kikapu chini, akajifunga khanga vizuri kiunoni, kama mtu aliyekaribishwa kuzungumza.

"Haya," akakiambia. "Sogea nikueleze."